Tarehe 21 Mei mmeiona FIFA tu?

Mhariri, gazeti lenu nalinunua miaka na miaka na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, ila ile kona yenu ya Siku Kama ya Leo ya tarehe 21 Mei imenishinda. Mmeweka FIFA kuundwa Paris 1904, Lindbergh kutua Paris na kindege chake 1927, Rajiv Gandhi kuuawa 1991. Basi. MV Bukoba hakuna! Yaani mzungu aliyetua salama salimini mmemkumbuka.

Mimi asubuhi ile ya 1996 nilikuwa bandarini Mwanza na baiskeli ya mzee, kamba nimeshaifunga kwenye keria, namsubiri mama mdogo aliyepandia Kemondo na mkungu wake wa ndizi. Mara tunaambiwa meli imechelewa, mara imeinama, mara imepinduka na watu wanasikika wanagonga kwa ndani, wakaja watu wakaitoboa eti wawatoe, hewa ikatoka yote, ikazama. Meli ya abiria 430 imeondoka na watu zaidi ya 800, wengi tumewazika hapa Igoma, na mama mdogo mpaka leo sijui yuko Igoma au yuko ziwani, maana daraja la tatu hata orodha ya majina haikuwepo. Jioni nikarudi na baiskeli, kamba vilevile. Sasa binti yangu kapewa homuweki ya matukio ya 21 Mei, kaandika MV Bukoba, mwalimu kampiga kosa la wino mwekundu, eti mbona gazetini haipo. Gazetini kwenu hapo!

Na hilo la orodha wala halijaisha. Juzi nimepanda kivuko, karani kachukua hela kageukia mwingine, jina hajaniuliza, na maboya yamefungwa pamoja kwa kamba ya katani, fundo utadhani mbuzi wa sikukuu. Hiyo ni baada ya MV Nyerere kupinduka pale Ukara 20 Septemba 2018 tukazika tena watu zaidi ya 200.

Mwakani naomba mstari mmoja tu, juu ya FIFA. Kama nafasi hamna toeni chemshabongo, lile swali la mto mrefu Afrika mmeshauliza mara tatu mwaka huu na sisi kando ya ziwa tunajua unapoanzia.

Msomaji wenu,
Igoma, Mwanza