Barua kwa Mama kuhusu miguu ya Babu

Leeds, Uingereza
12 Oktoba 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mbukwenyi nyote hapo nyumbani Hombolo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba goti linakuruhusu kufika shambani kuitazama mizabibu. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila kuna jambo nimewaficha kwa karibu miaka miwili, na nimeona si vema nije nalo hadi mlangoni kwako mwezi Desemba bila ninyi kulijua. Nimeandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu nikianza kukueleza jambo zito kwa simu unalia, nami huishia kukutuliza na kuacha nusu ya maneno. Tafadhali mdogo wangu akusomee yote mpaka mwisho, na wifi naye awepo.

Jambo lenyewe ni hili: ninatembea usingizini. Sizungumzii kuweweseka wala kuota ndoto mbaya. Ninaamka kitandani, nafungua milango, nashuka ngazi, nashika vitu na kuvifanyia kazi, huku nimelala.

Usiku wa kwanza niliopata kuujua tangu nije huku ulikuwa wa Januari mwaka jana. Dada mmoja wa Mombasa, ninayeishi naye nyumba moja, aliamshwa na sauti ya mwiko ukikwangua sufuria. Aliteremka akanikuta nimesimama mbele ya jiko la gesi, nimejifunga khanga vizuri kifuani, macho wazi, nasonga ugali katika sufuria isiyo na maji wala unga. Moto ulikuwa unawaka, kitako cha sufuria kimeanza kubadilika rangi, na ncha ya mwiko ilikuwa imeungua na inafuka moshi. Aliniita jina langu mara mbili. Nikamjibu, "Bado haujaiva," nikaendelea kusonga. Alizima jiko, akaniondoa mwiko mkononi taratibu, akanipeleka kitandani. Asubuhi sikukumbuka lolote, nikadhani ananitania, mpaka aliponiwekea ule mwiko mezani.

Wakati huo nilikuwa nafanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, usiku nne mfululizo, kila zamu saa 12, kisha siku mbili za kupumzika, kisha zamu za mchana. Mwili haukujua tena usiku ni upi. Nikirudi asubuhi nilikuwa napata usingizi wa saa tatu au nne tu, na miezi ya kiangazi huku jua huchomoza karibu saa 10 na nusu alfajiri, hata pazia likiwa zito namna gani mwanga utapenya. Mwenzangu mmoja kazini akanihurumia, akanipa vidonge vyake vya usingizi. Nilivipokea kwa moyo mweupe, na lilikuwa kosa langu kubwa kuliko yote katika jambo hili. Usiku wa pili wa kuvimeza nilijikuta nje, mbele ya geti, peku, nimevaa nguo ya kulalia tu, na barafu nyembamba imeganda juu ya majani. Nilizinduka kwa baridi ya nyayo. Ufunguo wa mlango ulikuwa mkononi mwangu, maana yake niliutafuta, nikafungua, nikatoka, na akili yangu haikuwepo.

Baadaye nilikuja kujua kwamba dawa za jamii ile, zolpidemu na wenzake, zinajulikana kuwafanya baadhi ya watu watembee, wapike na hata waendeshe gari wakiwa wamelala, na kwamba mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ililazimisha onyo kali kabisa liandikwe kwenye maelezo yake. Wifi, najua hapo nyumbani watu huazimana vidonge kama chumvi. Nakuomba sana jambo hili likome, hasa vidonge vya usingizi.

Nilikwenda kwa daktari, naye akanipeleka kliniki ya usingizi. Nililala huko usiku mmoja nikiwa nimebandikwa nyaya kichwani, kifuani na miguuni, na kamera ikinitazama. Walitaka kujua mambo mawili kwanza: kama pumzi hunikatika nikilala, kwa kuwa mtu anayekoroma na kukatwa pumzi huamshwaamshwa na mwili wake na anaweza kuanza kutembea, na kama si kifafa cha usiku, ambacho mtu asiyekijua anaweza kukichanganya na hali hii. Yote mawili hayakuonekana. Kisha daktari alikaa nami akanieleza, na nitajaribu kuyaweka maneno yake kwa lugha yetu.

Usingizi si kitu kimoja, bali una ngazi, na mtu hushuka na kupanda ngazi hizo kwa mizunguko ya kama dakika 90. Ngazi ya chini kabisa, usingizi mzito ambao mtoto akiwa ndani yake unaweza kumbeba kutoka kwenye gari hadi kitandani asijue, huwa mwingi katika theluthi ya kwanza ya usiku. Kwa watu kama mimi, kitu kikigusa usingizi huo, iwe kelele, homa, mfadhaiko au kibofu kilichojaa, ubongo hauamki wote kwa pamoja. Sehemu inayoongoza miguu na mikono huamka, ile ya kupima mambo na kuweka kumbukumbu hubaki imelala. Ndiyo maana macho huwa wazi na mtu anaweza hata kujibu neno, lakini hakuna wa kuulizwa. Na kadiri mtu anavyokosa usingizi, ndivyo mwili unavyozama zaidi katika ngazi ile ya chini anapoupata, na ndivyo hatari inavyoongezeka. Wengi huwa hivi utotoni na huacha wanapokua. Watu wazima ni wachache, hukadiriwa kuwa wawili hadi wanne hivi katika kila 100.

Kisha akaniuliza, "Kuna mtu mwingine katika familia yenu mwenye hali hii?" Mama, nilimjibu hapana. Nilijibu haraka, kabla sijafikiri, kwa jinsi tulivyofundishwa. Nilitoka pale nikapanda basi, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa nalia, kwa sababu nilikuwa nimemkana Babu.

Ninayakumbuka haya vizuri, ingawa nilikuwa na miaka tisa tu. Nakumbuka Babu akiamka kabla ya jogoo, akikaa juu ya kigoda nyuma ya nyumba na kopo la maji, akiosha miguu. Alikuwa akisugua nyayo kwa jiwe, polepole, mpaka ile mistari ya vumbi jekundu katikati ya vidole itoke yote, kisha anamwaga maji na kuyafukia kwa mguu. Nilidhani ni usafi wa wazee. Sasa najua, kwa sababu nami nimewahi kuamka asubuhi nikazikuta nyayo zangu zina udongo, na kitu cha kwanza nilichofanya, kabla ya kuvaa viatu, ni kuziosha mtu asizione.

Wewe mwenyewe ulinieleza siku moja, tukichambua mlenda, kwamba zamani, watu walipokuwa wakiishi kila mmoja katika tembe lake, mbali na mwenzake, hakuna aliyejua habari za Babu ila bibi. Akitoka usiku aliishia zizini mwake, katikati ya ng'ombe wake. Lakini ilipokuja operesheni ya mwaka 1971 na watu wa Dodoma wakahamishiwa vijijini, nyumba zikapangwa mistari, ua wa huyu ukapakana na ua wa yule. Hapo ndipo alipoonekana amesimama usiku mlangoni kwa jirani, macho wazi, hasemi. Mnajua walivyomwita, na mnajua neno lile linavyomfanya mtu katika nchi yetu. Alifunga mguu wake kwa kamba kwenye kitanda kwa miaka yote niliyomfahamu. Nilikuwa naiona kamba ile ikining'inia na sikuuliza.

Tena ni Babu aliyenikuta mimi. Nilikuwa kwenye mlango wa zizi, nimeshika mti wa juu nikitaka kuutoa, usiku wa manane. Hakunipigia kelele. Bibi alinisimulia kwamba alinishika kiwiko kwa vidole viwili, akasema kwa sauti ya chini, "Twende, ndama wameshafungwa," nikamfuata hadi ndani, nikalala. Daktari wa huku alipomfundisha yule dada wa Mombasa namna ya kunirudisha kitandani, alimweleza yaleyale: asinishtue, asinikamate kwa nguvu, aniongoze kwa kiwiko na kuzungumza kwa upole. Babu alijua. Ni yeye tu ambaye hakuwa na wa kumshika kiwiko.

Nilirudi kwa daktari na kumwambia ukweli. Hakushangaa hata kidogo. Alisema hali hii hufuata damu, akanitajia utafiti uliofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 2015: katika watoto ambao mzazi wao mmoja aliwahi kutembea usingizini, karibu nusu walitembea, wazazi wakiwa wote wawili, walizidi 60 kwa kila 100. Mama, Babu ni baba yako, nami ni mwanao. Sijawahi kukuuliza kama wewe nawe uliwahi. Kama hutaki kunijibu kwa barua, utanijibu tukiwa wawili shambani.

Sasa nifike kwenye fedha, kwa maana najua mmejiuliza. Tangu Aprili ninatuma pungufu kwa sababu niliomba niondolewe kabisa zamu za usiku, na malipo ya usiku ndiyo yaliyokuwa yakilipa ada na mafundi wa uzio. Niliwaambia kwamba kazi imepungua. Haikuwa kweli, na ninaomba radhi. Lakini tangu nianze kulala saa 4 usiku na kuamka saa 12 asubuhi, kila siku bila kubadili hata siku ya mapumziko, nimetoka mara mbili au tatu kwa juma hadi mara mbili tu tangu Juni. Nilihamia chumba cha chini, dirisha lina komeo, jiko hufungwa gesi kwenye bomba, na mlango wa chumba una kengele ndogo inayolia ukifunguliwa. Kwa wiki nne za mwanzo yule dada aliniamsha kila usiku robo saa kabla ya wakati niliokuwa nimezoea kuinuka, akahakikisha nimefungua macho sawasawa, kisha akaniacha nilale tena. Hiyo ilinisaidia kuliko nilivyotarajia, na wema ule sitaweza kumlipa. Pombe nimeshauriwa niiache, kwa hiyo wageni wakileta mvinyo wa zabibu msinisihi.

Kuhusu Desemba. Safari ndefu na kukosa usingizi ndivyo vitu vinavyonichokoza zaidi, kwa hiyo siku chache za kwanza ndizo za kuangaliwa. Nitalala Dar es Salaam usiku mmoja kwanza, kisha nipande treni ya umeme ya mchana hadi Dodoma, nifike Hombolo kabla giza halijaingia. Msifanye mkesha wa kunipokea. Watu waje mchana wa siku inayofuata. Kisima cha uani kinanitisha kuliko kitu chochote. Nitatuma fedha fundi akitengenezee mfuniko wa bati wenye pete mbili za kufuli, na hilo lisingoje nifike, kwa kuwa watoto wapo. Mapanga na shoka viingizwe stoo. Mkaa uliobaki jikoni uzimwe kwa maji, usiachwe chini ya majivu. Na wifi, usiniwekee mtoto kitandani, hata akililia kulala na shangazi yake. Ninampenda, na ndiyo sababu.

Mkinikuta nimesimama, macho wazi, msiogope. Wanaosema kwamba anayetembea usingizini akiamshwa hufa, wamekosea. Nitashtuka tu na kuchanganyikiwa kwa dakika chache, na mtu aliyeshtuka hivyo anaweza kurusha mkono bila kujua, ndiyo maana ni bora kuniongoza. Msimwite mtu yeyote wa kuniombea au kunipunga usiku ule. Mchana mwenye kuniombea na aniombee, nitashukuru.

Mdogo wangu aliniambia kwa simu kwamba kijana wake ameonekana mara mbili akisimama mlangoni usiku, na kwamba shangazi amekwisha kutaja jina la mganga. Nawasihi asipelekwe. Ana miaka minane, na huenda akaacha mwenyewe akikua. Alale mapema, mlango ufungwe kwa komeo la juu asilolifikia, na mtu mzima alale karibu yake. Ikizidi, au mkiona mwili unakakamaa au anajiuma ulimi, mpelekeni hospitali, na mwelezeni daktari habari za Babu bila kuficha.

Mama, hapo kijijini bado wapo wazee wanaoshusha sauti wakilitaja jina la Babu. Nikija nataka kukaa nao mmoja mmoja niwaeleze habari zangu mwenyewe, kisha niwaambie nimezirithi kwa nani. Nisingependa kufanya hivyo bila ruhusa yako, kwa kuwa ni baba yako. Nijibu kuhusu hilo, na kuhusu mfuniko wa kisima unipe vipimo. Kufuli nitaleta mwenyewe, na ufunguo wa geti utalala chini ya mto wako.

Wasalimie wote.

Mwanao akupendaye