Barua ya wazi kwa vijana mnaojenga Chanika, Kivule na Bunju

Wanangu,

Nawasalimu wote, wake kwa waume. Nilikuwa bibi afya katika jiji hili la Dar es Salaam mpaka nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa kuingia uani kwa watu, kufunua mapipa, kuuliza kisima kiko wapi na choo kiko wapi. Sasa nawaona mnajenga. Kila Jumamosi lori la mchanga linashusha, fundi anapiga kamba ya kupimia msingi. Nafurahi, kwa sababu kutoka chumba cha kupanga na kuingia kwako si jambo dogo. Lakini mengi ya magonjwa niliyokuwa nikiyafuata kwenye nyumba za watu yalianza siku ileile ya kupiga kamba, na naona yanaanza upya kwenu.

Anzeni na upepo. Kusi huvuma kuanzia mwezi wa nne hivi hadi wa kumi, ukitokea kusini mashariki. Kaskazi hushika kuanzia Novemba hadi Machi, ukitokea kaskazini mashariki. Mwambieni fundi kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, madirisha yawe huko, na jua kali la jioni lipige ukuta mfupi. Ninachokiona ni nyumba iliyogeuzwa ili itazame barabara, dirisha la alumini la kuteleza ambalo hata ukilifungua lote nusu yake imefungwa, kioo cheusi, pazia zito, na matundu ya hewa yamezibwa kwa plasta. Wakilala humo watu wanne, na mmoja ana kifua kikuu bila kujua, vimelea anavyokohoa hubaki hewani kwa saa nyingi. Hewa inayopita huvipunguza, na mwanga wa jua huviua. Hospitali ya Kibong'oto, kule Siha mkoani Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1926, wakati dawa za ugonjwa huo hazijapatikana. Mgonjwa wa siku zile alipewa hewa safi, chakula na mapumziko.

Mtaniambia tukifungua, mbu wanaingia. Ni kweli, na jibu lake ni wavu kwenye kila dirisha, na wavu pia kwenye uwazi kati ya ukuta na bati. Vijijini mkoani Mtwara watafiti walijenga nyumba 110 za majaribio, za ghorofa, watu wakilala juu, kuta zake zikiwa na wavu unaopitisha upepo, jiko lina njia ya moshi, choo hakiingizi inzi, maji ya mvua yanavunwa. Watoto waliokaa humo waliugua malaria, kuharisha na maradhi ya njia ya hewa kwa kiasi kidogo kuliko wenzao wa nyumba za kawaida. Hakuna aliyewapa dawa ya ziada, ni jengo tu lililobadilika. Siwaambii mjenge ghorofa. Naomba fedha ya wavu itengwe kabla ya fedha ya vigae. Tangi la maji nalo lifunikwe, maana mbu wa dengi, ugonjwa uliotusumbua Dar mwaka 2014 na tena 2019, huuma mchana na kuzaliana kwenye maji yaliyotuama hapohapo nyumbani.

Kuhusu jiko sitakuwa na mengi. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Mpaka hapo wengi wenu mtachanganya gesi na mkaa, kwa hiyo jengeni banda la jiko uani, lililo wazi pande mbili, msije mkapikia koridoni mvua ikinyesha. Na jiko la mkaa lisilazwe ndani na watu hata kama mnaona moto umekufa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na imeshaua familia nzima usingizini.

Kwenye choo nitakaa kidogo. Sisi tulifundishwa kisima kiwe mita 30 kutoka kwenye shimo la choo. Kiwanja chako ni mita 20 kwa 20. Hata ukichimba choo pembe hii na kisima pembe ile, mita 30 hazifiki, na ng'ambo ya ukuta jirani ana shimo lake ambalo hujawahi kuliuliza. Kwa hiyo jambo hili haliwezi kumalizwa na mtu mmoja ndani ya kiwanja chake. Kipindupindu kilichozuka hapa Dar mwezi wa nane 2015 kilienea karibu nchi nzima, na njia yake ni hiyohiyo, kinyesi cha mtu mmoja kuingia kwenye maji ya mwingine. Mvua ikija wapo wanaotapisha vyoo usiku ili mafuriko yabebe. Huko ni kumtilia jirani ugonjwa kwenye ndoo, na watoto wa kwanza kuchezea maji hayo ni wenu.

Msidanganywe na dalali anayewaonesha kiwanja wakati wa kiangazi. Bonde ni bonde. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 hapa jijini, na waliohamishwa kutoka bonde la Msimbazi walipelekwa Mabwepande kuanza upya. Ulizeni wenyeji maji hupita wapi masika, na msisakafie ua wote, acheni udongo unywe.

La mwisho ni majirani. Naona kuta ndefu, geti, kamera, na mtu hamjui wa nyumba ya pili. Bibi wa mle ndani ana presha, hatoki, hana wa kuzungumza naye kutwa, na hali yake inazidi kuwa mbaya kwa upweke. Watoto hawana uwanja, wamekaa na simu. Njia imeminywa kila mmoja akisogeza ukuta nusu mita, hata gari la kunyonya maji taka haliingii, na mama akishikwa na uchungu usiku anabebwa hadi barabarani.

Maeneo mengine yamechelewa. Kwenu bado kuna nafasi. Nawaomba, kabla ya mvua za masika, mwitane nyumba kumi kumi pamoja na mjumbe wenu, mshike futi, mpime upana wa njia, mweke alama za visima na vyoo vyote kwenye karatasi moja, na mkubaliane kipande cha uwanja kisichouzwa. Karatasi hiyo ipelekeni serikali ya mtaa igongwe muhuri. Mkinihitaji nitakuja kupima pamoja nanyi.

Mama yenu,
bibi afya mstaafu