Mchango wa wazee wetu waliovunjika, kabla hawajavunjika tena

Salaam ndugu zetu wa Mikindani, na nyie mliopo Dar, Tandahimba na kokote mliko. Mwaka jana tuliwasumbua mkachanga, nyonga ya bibi yetu ikawekwa chuma, Mungu awalipe. Leo tunarudi tena, na aibu tunayo.

Bibi huyu miaka 2 kabla ya nyonga alivunjika kifundo cha mkono. Aliteleza tu na ndoo yake uani, wala hakudondoka mnazini, akafungwa hogo akapewa dawa za maumivu akarudi nyumbani, na hakuna aliyeuliza mfupa unavunjikaje kwa kuteleza kule, hata sisi wenyewe tulisema ndo uzee. Halafu alfajiri moja kajikwaa kizingitini anaenda kutawadha, nyonga hiyo. Mpaka leo hawezi kuchuchumaa, chooni anapelekwa na mjukuu wake wa darasa la 6, na siku nyingine mtoto shule haendi.

Daktari ndo katufungua macho. Mama akishakoma hedhi mifupa inapungua taratibu bila kuuma (wanaita osteoporosisi), na mzee akishavunjika mara moja kwa kuanguka kidogo tu, hatari ya kuvunjika tena ni kama mara 2 ya mwenzie ambaye hajawahi kuvunjika. Dawa zipo jamani! Kuna kidonge cha mara 1 kwa wiki, unameza asubuhi tumbo tupu na maji mengi, halafu usijilaze nusu saa. Ila lazima wapimwe damu na figo kwanza, na kwa mzee aliyevunjika nyonga namna hii daktari anaweza kuanza dawa hata kipimo cha mifupa cha DEXA kisipopatikana.

Tumepita nyumba kwa nyumba tumepata wazee 11 waliowahi kuvunjika, hata mmoja hajawahi kupimwa. Tunaomba nauli, vipimo na dawa za mwaka wa kwanza. Sare za unyago tunachanga wiki moja zimetimia, korosho ndo hizo zimeuzwa, na hawa ndo waliotucheza unyago sisi, sasa tunashindwaje?

Hesabu itasomwa kila Ijumaa baada ya swala, risiti zote anazo mweka hazina. Jumamosi saa 10 jioni tunakutana barazani, asiye na hela aje na bajaji yake, wazee wanne hawawezi kupanda bodaboda.