Barua kwa Baba kutoka Bangkok

Bangkok, 14 Mei

Baba,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake. Na wewe mdogo wangu unayewasomea, usiruke mistari.

Jumapili nilipanda treni ya daraja la tatu, madirisha wazi, nikaenda Ayutthaya, mji mkuu wa zamani wa nchi hii, kama kilomita 80 kaskazini mwa Bangkok. Mji wenyewe ni kisiwa, mito mitatu imeuzunguka, kwa hiyo ukitoka stesheni unavuka kwa boti. Wafalme walikaa pale zaidi ya miaka 400, mpaka jeshi la Burma lilipouteketeza mwaka 1767.

Nilikwenda kuona mahekalu, nikaishia kukagua matofali. Nilidhani ni mawe, kumbe ni tofali za kuchoma, Baba, kama zako, ila nyembamba. Moja lilikuwa limevunjika, ndani nikaona alama za pumba za mpunga. Lipu ya chokaa imebanduka karibu yote, kwa hiyo kozi za tofali unazihesabu moja moja hadi juu, minara imesimama kama hindi la kuchoma. Hakuna saruji, hakuna nondo.

Lakini ungeshusha timazi pale ungecheka! Kuta zimelala, minara midogo imeinama kama walevi. Ardhi ni ya mafuriko, laini, msingi unazama upande mmoja. Mnara mkubwa wa hekalu la Wat Mahathat uliporomoka mwanzoni mwa karne ya 20, kimebaki kitako. Kwingine kumebaki msingi mtupu, na si kwa kuanguka: Bangkok ilipoanza kujengwa mwaka 1782, tofali za Ayutthaya zilibomolewa zikashushwa mtoni kwa mashua kwenda kujengea mji mpya. Wenzangu waliona huo ni uharibifu. Mimi nilikukumbuka ulivyobeba tofali za nyumba ya babu kujengea jiko letu, nikanyamaza.

Kilichonikaba koo ni sanamu za Buddha. Zimekaa safu nzima, mikono imetulia mapajani, vichwa hakuna. Nyingine zilivunjwa vitani, nyingine wezi walizikata baadaye wakauza. Sisi watu wa Iringa habari ya kichwa kuchukuliwa tunaijua. Nilikumbuka ulivyotupeleka Kalenga kuona fuvu la Chifu Mkwawa, lile Wajerumani walilolibeba likarudi mwaka 1954, na wewe ukavua kofia.

Kichwa kimoja kimebaki chini pale, mizizi ya mti imekizunguka, uso tu ndio uko nje. Huruhusiwi kupiga nacho picha ukiwa umesimama, kichwa chako kikawa juu ya chake. Kijana mmoja mtalii alijisahau, mlinzi akampulizia filimbi. Mimi nilichuchumaa, nikakaa muda mrefu kuliko picha ilivyohitaji, mpaka magoti yakagoma.

Hela ya saruji nitatuma mwisho wa mwezi. Ule ukuta wa choo ulioegemea migomba usiubomoe kwanza. Mama akianza kukucheka, mwonyeshe hizi picha, hasa ile ya tatu.

Mwanao