Usiisikilize kozi ya Kijerumani kama muziki

Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu aliyelalamika humu kwamba masomo ya Kijerumani ya kusikiliza ni utapeli mtupu, kwamba kasikiliza kozi nzima mwanzo mpaka mwisho hedifoni masikioni, alafu siku alipoongeleshwa na Mjerumani akabaki anatabasamu tu kama bibi harusi. Nilicheka kwanza, kisha nikaacha kucheka maana huyo ni mimi kabisa, mimi wa miaka miwili iliyopita.

Mi nilianza hivyohivyo. Naosha vyombo kozi inaongea, nafua kozi inaongea, nimejilaza nasinzia kozi bado inaongea tu. Nikafika somo la arobaini na kitu najiona nimeiva, maana kila sentensi ikisemwa naielewa. Ila ukiniambia haya itoe wewe sasa, kimya. Kumbe kuelewa na kutoa ni kazi mbili tofauti, na mi nilikuwa nimefanya moja tu tena ile nyepesi.

Kwenye kozi nyingi za namna hii msomaji atakumbuka kuna mahali mtu anaulizwa kitu alafu sauti inakata sekunde kadhaa ndo jibu linakuja. Mi nilidhani ule ukimya umewekwa tupumue! Kumbe ule ukimya ndo somo lenyewe. Pale unatakiwa ujibu kwa sauti, kwa mdomo wako, hata kama utakosea, hata kama walioko nyumbani watakuona umechanganyikiwa unaongea peke yako. Kile kinachosemwa kabla na baada ya ukimya ni kama mwalimu anayekusahihisha tu, sasa kama wewe hukusema kitu anasahihisha nini?

Jambo lenyewe lina hesabu yake wala sio la kubahatisha. Mjerumani mmoja anaitwa Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe, anakariri silabi zisizo na maana alafu anapima anazisahau kwa kasi gani, akatoa matokeo mwaka 1885, na alichokiona ni kwamba tunasahau kwa wingi mapema sana, saa za mwanzo tu, alafu kasi inapungua. Baadaye Mmarekani Paul Pimsleur, yule mwanzilishi wa kozi za kusikiliza zenye jina lake, mwaka 1967 akaandika ratiba ya kumkumbusha mtu neno kabla halijamponyoka: baada ya sekunde 5, alafu 25, alafu dakika 2, dakika 10, saa 1, saa 5, siku 1, siku 5, siku 25, miezi 4, hadi miaka 2. Ndo maana kwenye masomo yake ya nusu saa neno linakuja, linapotea, unaulizwa tena ghafla ukiwa umeshahamia kwenye mada nyingine. Sasa mtu kama mimi niliyekuwa nasikiliza masomo matano Jumamosi alafu wiki nzima sigusi, hiyo ratiba yote nilikuwa naivuruga kwa mikono yangu. Somo moja kwa siku, ukilirudia kesho yake kama hukujibu vizuri, linatosha kabisa.

Hapo nimemjibu nusu. Nusu nyingine nampa haki yake, kwa sababu tatizo sio la msikilizaji peke yake. Masomo mengi tunayoyapata yametengenezwa kwa ajili ya mtu anayeongea Kiingereza, na sisi tunaingia Kijerumani kupitia mlango wa jirani. Mwalimu anatumia muda mrefu kumfundisha Mwingereza asivute zile a, e, o zake, kitu ambacho sisi tunacho toka kuzaliwa, alafu kile kinachotutesa sisi anakipita mbio kwa sababu kwake sio shida.

Chukua irabi. Mjerumani anataja herufi A, E, I, O, U karibu kabisa na tunavyozitaja sisi. Lakini muulize mwanafunzi wetu ataje jina lake herufi kwa herufi kwa Kijerumani, kitu ambacho kwenye mtihani wa A1, yaani ngazi ya mwanzo kabisa, sehemu ya kuongea unaweza kuombwa kabisa, utamsikia anasema "i" akimaanisha E, Mjerumani anaandika I, jina limeshaharibika. Kiingereza hicho kimemponza! Angeanza na Kiswahili chake asingekosea.

Au chukua ile ch ya neno kama Buch au Nacht. Nimesikia mwalimu kwenye rekodi anahangaika dakika nzima kuielezea, mara safisha koo, mara jifanye unakoroma. Sisi tuna kh bwana, ile ya Khamisi na kheri ikitamkwa na anayeijua, kazi imeisha. Na r yao inayotoka kooni, ile ya rot, haiko mbali na gh ya ghali na ghorofa. Hata hivyo r hiyo ikiwa mwisho wa neno inayeyuka inakuwa kama a, kwahiyo Tochter, yaani binti, masikioni ni kama "tokhta". Ch ya ich ni nyingine, hiyo haimo kwetu moja kwa moja, ila sema h ya "hii" kwa kunong'ona ukipuliza kwa nguvu na ulimi umeuinua juu, utakaribia. Ukisema "ish" watakuelewa.

Shida yetu halisi iko kwenye konsonanti zilizobanana. Sisi neno letu linapenda kuishia na irabi, na konsonanti zikifuatana ulimi wetu unatafuta pa kuchomeka i. Sasa kutana na Herbst, yaani ule msimu wao wa majani kupukutika, au Strumpf, ambayo ni soksi tu jamani, soksi! Ukitoka na "heribisiti" mwenzako anabaki anakutazama. Hapa sauti inasaidia kuliko kitabu, kwa sababu kwenye kitabu jicho linaona herufi na ulimi unazisoma Kiswahili. Kuna kozi zinajenga neno kutokea nyuma kwenda mbele: Entschuldigung, samahani, unaanzishwa na "gung", alafu "digung", alafu "schuldigung", mwisho ndo lote. Nilipoanza kufanya hivyo mwenyewe kwa kila neno gumu, nasimamisha rekodi nalikata kutokea mkiani, zile i za kuchomeka zikaanza kupungua.

Alafu kuna mkazo. Sisi mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, umelala pale tangu enzi na enzi, hatuufikirii hata kidogo. Wao mara nyingi wanaukaza mwanzoni, ARbeiter, mfanyakazi, wakati sisi midomo inataka arBEIter. Na usidhani ni urembo tu. Kuna kitenzi umfahren, kimeandikwa vilevile, ukikaza um maana yake ni kugonga kitu kwa gari mpaka kianguke, ukikaza fah maana yake ni kukizunguka ukipite pembeni. Mwenye gari anayekupa lifti asikie ipi, amua mwenyewe.

Vilevile schon na schön. Ya kwanza ni "tayari", ya pili ni "nzuri", tofauti ni ile ö peke yake. Ujanja niliouokota ni huu: sema e, usiusogeze ulimi, alafu kunja midomo kama unayepiga mluzi, hiyo ndo ö. Fanya hivyo na i, unapata ü. Nilijirekodi kwenye simu nikalinganisha na sauti ya kozi, na wiki za mwanzo nilikuwa naona aibu kusikiliza sauti yangu, lakini hakuna njia ya mkato nyingine niliyoiona. Sikio linamsamehe mwenye mdomo wakati anaongea, likija kusikiliza rekodi halisamehi.

Sasa nisimulie la aibu kidogo. Nilipata mwenzangu wa mazoezi, Mjerumani anayetaka Kiswahili, tukakubaliana tuongee kwa simu. Akanitumia ujumbe wa sauti, tukutane "halb acht". Mi najua halb ni nusu na acht ni nane, nikajumlisha saa nane na nusu ya saa zao, nikageuza kwenye saa zetu ikawa saa mbili na nusu. Nikajiandaa vizuri, nimeshika hadi daftari, napiga, mtu ananiambia alinisubiri saa nzima. Kumbe wao halb acht ni nusu ya kuelekea nane, yaani 7:30, kwetu saa moja na nusu! Mi nilitakiwa nirudi nyuma nusu saa alafu nitoe tena sita, hesabu mbili ndani ya sekunde moja. Na kozi yangu ilikuwa imelisema hilo, nililikuta baadaye, somo nililosikiliza huku nasugua sufuria. Kuna maeneo ya mashariki na kusini mwa Ujerumani wanasema hadi viertel acht, yaani robo ya kuelekea nane, kwa 7:15, sijui hao ningekutana nao saa ngapi.

Namba nazo. Wao 47 ni siebenundvierzig, saba na arobaini, sisi arobaini na saba. Mkono unaandika kinachotangulia kusikika, unapata 74. Mtu akikutajia namba ya simu akizibeba mbilimbili umekwisha. Dawa yake sio kusikiliza zaidi, dawa ni imla: sikiliza, simamisha, andika, rudisha uangalie. Tena nimeacha nafasi ya tarakimu ya kwanza wazi, naandika saba kwanza kulia alafu nne kushoto, mkono umezoea saivi. Na ukisikia "zwo" usishtuke, ni zwei hiyohiyo, yaani mbili, wanaitumia hasa kwenye simu isichanganywe na drei, tatu.

Kuna neno moja nataka nilisemee peke yake, doch. Mtu akikuuliza kwa Kiswahili "huji?" ukajibu "ndiyo", kwetu inaeleweka ndiyo, siji. Kwa Mjerumani, "Kommst du nicht?" ukijibu ja, ndiyo, umemvuruga tu. Kama huji unasema nein, hapana, na kama unakuja unasema doch, yaani la hasha, nakuja. Hata watoto wao wanagombana kwa doch na nein kutwa. Na hilohilo doch ukilitia katikati ya sentensi pamoja na mal, "komm doch mal her", linakuwa kama hebu na basi yetu: hebu njoo basi. Kozi ya Kiingereza inazunguka sana kulieleza hili, wakati sisi tuna hebu mdomoni kila siku. Mwalimu anayejua Kiswahili angemaliza kwa sentensi moja.

Sisemi sauti peke yake inatosha. Mtihani wa A1 wa Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya lugha na utamaduni, ambao wengi wanaotaka kumfuata mwenza Ujerumani wanaombwa cheti chake au kinacholingana nacho, una kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, na unatakiwa upate 60 kati ya 100. Mtu wa hedifoni tupu ataandika majina kwa herufi ndogo wakati Kijerumani kila jina la kitu linaanza na herufi kubwa, na ile herufi ß, inayosomwa s, hajawahi hata kuiona. Mi mwenyewe niliijua Straße, yaani barabara, kwa sikio miezi mingi kabla sijaiona ilivyoandikwa.

Pia sauti za studio ni safi mno. Mtaani nicht inakuwa "nich", ist inakuwa "is", haben wir inabanwa inakuwa "hamwa". Ukimaliza kozi ya mwanzo nenda kwenye habari za Deutsche Welle zinazosomwa polepole kwa ajili ya wanafunzi, maandishi yake yapo, sikiliza mara ya kwanza bila kutazama, ya pili ukitazama, ya tatu sema pamoja na msomaji ukimfuata nyumanyuma kama kivuli. Ni kazi ya kuchosha, ukifanya dakika kumi kichwa kinauma kuliko ukisikiliza masaa mawili huku unapiga pasi.

Kwahiyo ombi langu kupitia gazeti hili liende kwa wanaofundisha Kijerumani wakiwa wenyewe ni Waswahili, wapo na wengine ni hodari sana. Rekodini jamani, hata kwa simu tu ndani ya chumba kilichotulia. Tufundisheni ch kwa Khamisi, doch kwa hebu, na der, die, das, vile vineno vitatu vinavyotangulia majina yao kwa makundi, kwa ngeli, maana sisi sio wageni wa maneno kuwa na makundi, mtoto wetu anasema kiti kimevunjika na meza imevunjika bila kufundishwa sheria, anameza jina na tabia yake kwa pamoja. Derstuhl (kiti), dietür (mlango), dasfenster (dirisha), mezesheni watu hivyohivyo kama neno moja.

Na yule msomaji aliyelalamika, arudie somo la kwanza leo, kila penye kimya ajibu kwa sauti, na vyombo avioshe baadaye. Mimi na mwenzangu wa mazoezi bado tunaongea kila wiki, ila saivi muda wa kukutana ananiandikia kwa tarakimu.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
anayejiandaa na mtihani wa B1, ngazi ya kati