Kabla hujaniambia oto-waa niliyokuuzia ni mbovu

Jumatatu kaja kijana mmoja hapa dukani ninapouza na kutengeneza pedali za gitaa, vile vibox vya kubadilisha sauti. Kaja na oto-waa, pedali inayolifanya gitaa lilie waa bila kukanyaga, kaishika mkononi hata mfuko hana, wateja wamejaa, akasema kwa sauti fundi umenipiga, hii kitu hailii waa hata kidogo, jana nimeshinda nayo kanisani inatoa sauti nyembamba tu kama redio mbovu. Iliniuma sana, kwa sababu ile pedali niliijaribu mbele yake siku anainunua na akaondoka anacheka. Na sio wa kwanza, haupiti mwezi bila mtu kunipigia na lalamiko hilihili, kwa hiyo leo nakaa niandike yote, atakayeuliza ntamtumia asome.

Nikamwambia mdogo wangu kaa, chomeka vitu vyako kama ulivyochomeka jana. Gitaa lake lina pikapu (vile vinasa sauti chini ya nyuzi) za aina ya humbucker, zenye koili mbili, zuri tu, linaingia kwanza kwenye kompresa, pedali ya kusawazisha nguvu ya sauti, kompresa yenyewe kaibana mpaka mwisho, halafu ndo inafuata oto-waa. Nikaichomoa kompresa, gitaa likaingia moja kwa moja. Nikagusa uzi wa sita taratibu, sauti ikatoka nzito imefumba kama mtu anaongea kaziba mdomo na kiganja. Nikaugonga uleule kwa nguvu, ikafunguka waaaa, na uzi ulivyokuwa unafifia ikajifunga yenyewe pole pole. Dogo akanyamaza, akaomba radhi mbele ya walewale aliokuwa ananisema mbele yao, yakaisha.

Jamani hii pedali inasikiliza mkono. Waa ya kawaida, Cry Baby na ndugu zake, unaifungua na kuifunga kwa mguu. Kwenye hii yetu, jina lake lingine envelopu filta, mguu umetolewa, ndani kuna saketi inayopima mpigo wako una nguvu kiasi gani, mpigo mkubwa filta, yaani ile sehemu inayochuja sauti, inafunguka sana, mpigo mdogo inafunguka kidogo. Kompresa kazi yake ni kusawazisha mipigo, mkubwa inaushusha na mdogo inaupandisha, sasa ukiitanguliza kompresa, filta inapokea kila kitu kiko levo moja, itajuaje ifunguke wapi? Mimi naweka gitaa, oto-waa, kompresa, distosheni (ile pedali ya kukwaruza sauti), kwa mpangilio huo. Wapo wanaotanguliza distosheni na wanapata sauti zao, ila kwa anayeanza mimi simshauri, distosheni nayo inabana mipigo vilevile.

Halafu kuna suala la majina, na hapa wateja wengi wanaumia kwa kununua picha kwenye simu. Jina oto-waa wanaliita vitu viwili tofauti. Kuna hii inayofuata mkono, na kuna nyingine inajifungua na kujifunga yenyewe kwa mwendo uliouseti na nobu ya spidi, kile kitufe cha kuzungusha, upige usipige. Hiyo ya pili na dramu za mtu ni mtihani, dramu akiongeza mwendo kidogo tu kwenye kibwagizo pedali yako inabaki nyuma, nyimbo nzima mnagombana. Kwa hiyo muulize muuzaji, inafuata mkono au inafuata spidi? Akishindwa kujibu, usitume hela.

Wapiga solo wa dansi nao nina neno lao. Ukiwa kwenye sebene unamwaga noti nyingi, zote kwa nguvu inayofanana, juu kwenye nyuzi nyembamba. Filta ikifunguka kwa noti ya kwanza haipati nafasi ya kujifunga, noti ya pili ishafika, ya tatu ishafika, basi inabaki wazi muda wote na unachosikia ni makali tu, waa hamna. Mzee mmoja wa bendi, mtu namheshimu sana, alinirudishia pedali mbili kwa sababu hiyo mpaka nilipomuomba aje na gitaa lake apige vile anavyopiga ukumbini. Tukashusha sensitiviti, yaani wepesi wa filta kufunguka, mpaka ile noti anayoikazia ndo inafungua, dikei, yaani muda wa kujifunga, tukaiweka fupi kabisa, ikakaa. Kwa hiyo ukiwa mtu wa sebene tafuta pedali yenye nobu mbili hizo zimetengana, sensitiviti na dikei. Hizi ndogo za nobu moja zinamfaa zaidi mtu wa rizimu ya fanki anayekata kata, noti zake zina nafasi katikati.

Mtu wa besi asichukue ya gitaa kichwa kichwa. Nyingi zinapitisha sauti za kati peke yake, ndo maana zinafanana na waa ya mguu, sasa kwenye besi ule uzito wa chini unakatwa na bendi nzima inabaki inaelea. Chukua yenye swichi ya kupitisha sauti za chini, au yenye nobu ya kuchanganya sauti safi. Wengi wanakuja wanataka sauti ya Bootsy Collins, yule mpiga besi wa fanki, naielewa kiu yao, ile ni Mu-Tron III, pedali iliyotoka Marekani mwaka 1972, na Stevie Wonder aliipitishia klavineti, kinanda cha umeme chenye nyuzi. Aliyeibuni, Mike Beigel, baadaye ndo akawabunia kampuni ya Electro-Harmonix pedali ya Q-Tron, kwa hiyo ukipata ndugu yoyote wa Q-Tron uko karibu na ukoo wenyewe bila kutafuta ya zamani kwa bei ya pikipiki.

Sasa nije kwenye kinachonipa hasira. Mtu akiona waa haitoki anajiambia pedali haina nguvu, anaiongezea nguvu. Anachukua chaja ya ruta ya intaneti, plagi inaingia vizuri kabisa, anachomeka. Ndugu zangu, pedali nyingi zinataka volti 9 na hasi iko katikati ya plagi. Chaja nyingi za ruta ni volti 12 au 9 na chanya ndo iko katikati, umeme unaingia kinyumenyume. Ukiwa na bahati ndani kuna diodi ya ulinzi inakufa yenyewe ikiwakinga wenzake, hiyo nabadilisha siku hiyohiyo na gharama yake ndogo.

Ila kuna kaka mmoja anaujua umeme kidogo, akakata waya wa chaja ya volti 12, akageuza, akafunga na selotepu, akaona kamaliza. Upande ukawa sahihi, volti zikabaki 12. Baadhi ya hizi pedali ndani zina aisii, yaani chipu, ndogo ya miguu minane inayotengeneza volti za hasi, na aina zingine za hiyo aisii mwisho wake ni kama volti 10. Nilivyofungua kile kibox harufu ilinipokea kabla sijaona kitu, ile aisii imetoboka katikati tundu kama la pini na bodi chini yake imebadilika rangi ya chai. Tatizo lake la mwanzo lilikuwa nini? Volyumu ya gitaa alikuwa anaipunguza nusu akiwa anapiga, mpigo unafika kwenye pedali ushapungua. Kuizungusha tu volyumu mpaka mwisho. Badala yake kalipa aisii, kalipa kusafisha bodi, kalipa adapta mpya.

Na bei zangu za matengenezo nazo zinasemwa, eti fundi wa mtaani anafanya kwa nusu. Pedali za aina ya Mu-Tron zina kitu kinaitwa vaktroli, kikopo kidogo cheusi, ndani taa ya LED inaangaliana na kihisi cha mwanga, mpigo ukija taa inawaka na kihisi kinafungua filta. Hizi hazipatikani kirahisi, kihisi chake kina kadimiamu, metali yenye sumu, na Ulaya wameibana sana matumizi yake. Mimi naagiza, nasubiri, nikipata naijaribu moja moja kabla sijaifunga kwa sababu hazifanani. Mteja mmoja alikataa kusubiri, akampelekea mtu akamfungia kihisi kilichotolewa kwenye taa ya nje ya nyumba, na LED nyekundu, kavizungushia selotepu nyeusi. Akaniletea analalamika kila akiwasha waa inakaa nusu wazi. Nikafungua, nikawasha, nikaona ile taa ndogo ya kuonyesha pedali imewaka inapenyeza mwanga kwenye selotepu, filta inaona mwanga inadhani mtu kapiga gitaa! Nilitoa solda yote, njia mbili za bodi zilishanyanyuka kwa moto wa solda, nikazijenga upya kwa waya mwembamba. Kazi ya siku mbili, na nilimchaji ya siku mbili, siwezi kuona aibu kwa hilo.

Kwa hiyo kabla hujaja kunisema, weka betri mpya ya volti 9 kama pedali yako ina nafasi ya betri, gitaa liingie moja kwa moja, volyumu mwisho, sensitiviti ianzie katikati, piga uzi mmoja polepole halafu kwa nguvu. Isipofunguka, njoo nayo na nitaiangalia. Ukija kununua njoo na gitaa lako mwenyewe, pikapu za koili moja na humbucker hazitoi nguvu sawa na nikikujaribishia na langu nakudanganya bila kukusudia. Na adapta yako ilete, kuipima kwa mita ni dakika moja, sichaji.

Yule dogo wa Jumatatu kaondoka na pedali yake ileile, kompresa kaihamishia nyuma. Adapta nilimpimia, iko sawa, 9.2, hasi katikati.