Joho jeusi ndilo linaloumbua picha

Mhariri,

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo ukaomba rangi ya mafuta, utapewa kopo la kupakia milango na mageti. Ndiyo hiyo inayotumika katika picha nyingi za wakuu wastaafu zinazotundikwa maofisini hapa Dar es Salaam. Hatuidharau. Edward Saidi Tingatinga alianzisha nayo mtindo mzima jijini hapa mwaka 1968, akipaka juu ya hadibodi, na wanyama wake hawakuhitaji kivuli laini cha shavu. Uso wa mkuu wa chuo ndani ya joho unakihitaji. Kivuli hicho hutokana na rangi ya tyubu iliyosagwa kwa mafuta ya kitani, ambayo hukaa mbichi saa nyingi na kukubali kuchanganywa pale pale kwenye turubai.

Kwenye jumba la sanaa la taifa la Denmark, Copenhagen, ipo picha ya Don Miguel de Castro, mjumbe kutoka Soyo katika Ufalme wa Kongo, aliyefika Uholanzi mwaka 1643. Kavaa kofia pana yenye unyoya na mavazi ya heshima, na hadi leo anatazamika. Wachoraji wa enzi hiyo walizoea kuanza na tabaka la udongo wa kahawia, kisha wakauinua uso kwa rangi nzito ya mwanga. Vivulini walipaka kiasi cha kuifunika kahawia nusu tu.

Hapa kwetu picha huharibikia kwenye joho. Rangi nyeusi ya kaboni hunywa mafuta mengi na kukauka polepole mno. Mchoraji akiimwaga nzito siku ya kwanza, kesho yake akachora mikunjo na vifungo juu yake, tabaka la juu hukauka kabla ya la chini, na baada ya miezi ufa unaanza. Joho lianzwe kwa kahawia ya amba, rangi ya udongo ambayo hukauka haraka, weusi uje mwishoni na uwe mwembamba. Tabaka za chini ziwe na mafuta kidogo kuliko za juu.

Nakshi za dhahabu nazo zisipakwe kwa rangi ya dhahabu ya kopo. Mara nyingi ni unga wa shaba na zinki, na kwa hewa hii ya chumvi hugeuka kahawia. Okra (rangi ya udongo wa manjano), njano na tone la nyeupe hutosha. Jicho litaona dhahabu lenyewe.

Wanaotumia kitambaa cha marekani wakipake kwanza gundi, kisha jeso, ile rangi nyeupe ya msingi, mikono miwili. Mafuta yakigusa nyuzi huzila taratibu mpaka kitambaa kikatike kama karatasi kuukuu. Kikilegea wakati wa masika, kabari za kwenye pembe za fremu zigongwe kidogo kidogo. Kisivutwe na kupigwa misumari upya.

Waagizaji nao wana lao. Picha huagizwa wiki mbili kabla ya sherehe ya kumuaga mzee, ikishachorwa inaanikwa juani. Rangi hii haikauki kama nguo. Hukauka kwa kuvuta oksijeni. Jua huigandisha ngozi ya juu huku ndani kukiwa kubichi, kisha hujikunja. Vanishi nayo isubiri walau miezi sita.

Kutundika: si ukuta unaopakana na choo, wala si mbele ya kiyoyozi kinachozimwa kila jioni. Nyuma ya fremu pachika vipande vya koki, ile ya vizibo vya chupa, ili ukutani pabaki nafasi ya sentimita 2 au 3 hewa ipite, la sivyo ukungu utaanzia mgongoni, mahali asipotazama mtu.

Na tafadhali, mhudumu wa usafi aambiwe: asitumie sabuni, dawa ya vioo, wala kile kipande cha kiazi kinachosifiwa sana. Brashi laini kavu, kutoka juu kwenda chini.

Wachoraji na watunza picha,
Dar es Salaam